Tazama Herufi ya Chini

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kidato cha sita, na karibu zote zinalia kilio kimoja. Mmoja wa mchepuo wa PCM anasema integresheni imemvuruga hadi akiiona tu ile alama ndefu iliyojipinda anafunga daftari. Wa EGM anauliza kama akikariri kanuni zote za kwenye jedwali atatoboa. Wa tatu, yeye ni PGM, kaandika mstari mmoja tu: "Dada, mtihani Mei, difarenshiesheni naijua ila maswali siyawezi."

Huyu wa tatu ndiye kanikalisha chini leo niandike habari ya kalkulasi peke yake, maana kasema la wengi. Kanuni mnazo. Hakuna aliyefika kidato cha sita na Hesabu za Juu asiyejua kwamba x³ ikidifarenshietiwa inatoa 3x². Kinachowaponza ni kulisoma swali bila kujiuliza ni nini kinabadilika, na kinabadilika kwa kufuata nini. Kwa hiyo mimi leo nina neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: tazama herufi ya chini.

Ukiandika dy/dx, ya juu ndiyo inayobadilika, ya chini ndiyo inayofuatwa. Ukiandika dV/dt, ujazo unabadilika kadiri muda unavyokwenda. Kwenye integresheni herufi hiyo hiyo inahamia mwishoni, ile dx ambayo wengi wenu mnaiandika kama pambo, na wengine hamuiandiki kabisa. Siyo pambo. Kabla ya kushika kanuni yoyote, izungushie duara kwa penseli.

Alama hii tumeachiwa na Gottfried Leibniz, Mjerumani aliyechapisha kazi yake ya kwanza ya difarenshiesheni mwaka 1684. Newton kule Uingereza alikuwa na njia yake, anaweka nukta juu ya herufi, basi. Nukta ni fupi na inapendeza, ila haikuambii unafuata nini. Lazima ukumbuke mwenyewe. Waingereza wakaing'ang'ania nukta ya mtu wao kwa zaidi ya karne nzima, hadi mwaka 1812 vijana wa Cambridge, wakiwemo Charles Babbage, John Herschel na George Peacock, walipoanzisha chama cha kudai alama za Leibniz zifundishwe chuoni kwao. Nawaambia haya ili mjue kwamba kuna watu walioigombania hiyo herufi ya chini mnayoiacha ikidondoka njiani.

Haya, twende kazini. Anzeni na kile mnachokiita fasti prinsipo, kupata derivetivu kutoka kwenye msingi wake. Najua mnakiruka kwa sababu ni kirefu na kuna njia ya mkato. Lakini swali likitaka msingi, halafu wewe ukashusha njia ya mkato, umejibu swali ambalo hukuulizwa. Jipimeni kwa sin x. Toa sin x kwenye sin(x + h), igeuze tofauti hiyo iwe 2cos(x + h/2)sin(h/2), kisha gawa kwa h. Inabaki cos(x + h/2) ikizidishwa na sin(h/2) juu ya h/2. Hapo h ikikaribia sifuri, kipande cha pili kinakaribia 1, na jibu ni cos x. Yule anayeshindwa hapa mara nyingi hajashindwa na limiti. Kasahau trigonometri ya kidato cha tano. Na neno "lim" liandikwe kila mstari mpaka pale utakapoiweka h kuwa sifuri. Usiliache mstari wa pili kwa uvivu.

Hicho kipande cha pili kinafikia 1 kwa sharti moja: pembe iwe kwenye radiani. Chukua kalkuleta yako sasa hivi, usingoje kesho. Iweke kwenye digrii, tafuta sin 0.01, gawa kwa 0.01. Utaona 0.01745. Igeuze iwe radiani, rudia. Sasa ni 0.99998. Kalkulasi yote ya sin na cos mliyofundishwa imesimama juu ya ile namba ya pili. Anayeintegreti sin x kutoka 0 hadi 2 huku kalkuleta inasoma digrii atafanya kila hatua sawasawa na jibu litakuwa bovu. Newton-Raphson kwenye mada ya njia za namba nayo ni vile vile: mlinganyo ukiwa na cos x ndani yake, radiani kwanza.

Sasa mahali penye utamu, na ndipo yule wa PGM anapokwama. Ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani. Mguu wa ngazi unateleza kwenda mbali na ukuta kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde. Mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani, kichwa cha ngazi kinashuka kwa kasi gani?

Kila mtu anaandika x² + y² = 25. Vizuri. Halafu watu wanagawanyika. Wa kwanza anaona "mita 3", anaiingiza papo hapo, anapata 9 + y² = 25, y = 4. Anadifarenshieti. Upande wa x sasa ni namba tupu, inakufa, inabaki 2y dy/dt = 0. Kwa hesabu yake kichwa cha ngazi hakishuki kabisa: mguu unakimbia, kichwa kimegoma. Wa pili anajiuliza, herufi ya chini ni ipi? Swali limetaja sekunde, kwa hiyo ni t, ingawa mlinganyo wenyewe hauna t hata moja. Basi x na y zote zinabadilika kwa kufuata t, na zote zinadai mkia wake: 2x dx/dt + 2y dy/dt = 0. Hapo ndipo anaingiza namba, x = 3, y = 4, dx/dt = 0.5, na anapata dy/dt = −0.375. Kichwa kinashuka kwa mita 0.375 kwa sekunde. Alama ya kutoa inasema tu kwamba y inapungua, ukiandika "kinashuka kwa −0.375" umesema kinapanda.

Kwa hiyo kwenye maswali ya kasi zinazohusiana, namba za "wakati ule" zinaingia mwisho, baada ya kudifarenshieti. Kitu kisichobadilika kabisa, kama urefu wa ngazi, ndicho pekee kinachoruhusiwa kuingia mapema.

Ukishaelewa ngazi, yale maswali ambayo y imejificha ndani ya mlinganyo hayana jipya. Chukua x² + xy + y² = 7 kwenye nukta (1, 2). Herufi ya chini ni x. Basi x² inatoa 2x bila mkia, y² inatoa 2y dy/dx kwa sababu y siyo ile tunayoifuata, na xy ni zao la vitu viwili, inatoa y + x dy/dx. Ingiza namba, mteremko ni −4/5. Anayesahau ile x dy/dx ya katikati hajakosa akili, kakosa mazoea ya kuona kwamba x na y zimezidishwa.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa hata wale wa daraja la kwanza. Umepewa x = t² na y = t³, unaombwa derivetivu ya pili. Ya kwanza ni rahisi, 3t² gawa kwa 2t, yaani 3t/2. Kwa ya pili watu wanagawa tu 6t kwa 2, wanaandika 3t, wanapiga mstari. Lakini ulichoombwa ni mabadiliko ya dy/dx kwa kufuata x, na mkononi una kitu chenye t. Difarenshieti 3t/2 kwa kufuata t, upate 3/2, kisha gawa kwa dx/dt ambayo ni 2t. Jibu ni 3/(4t). Herufi ya chini tena.

Viwango vya juu na vya chini sitakaa navyo sana, mnavimudu. Ila msiamini kwamba derivetivu ya pili ikiwa sifuri basi hakuna kilele wala bonde. Kwa y = x⁴ pale x ikiwa 0, derivetivu ya pili ni sifuri na bonde lipo. Ikitokea hivyo, angalia mteremko kushoto na kulia kwa nukta.

Integresheni. Mdogo wangu unayefunga daftari, lifungue. Tafuta hii: ∫ x(x² + 1)³ dx kutoka 0 hadi 2. Unaona x² + 1 imejifungia kwenye mabano na x, ambayo ni nusu ya derivetivu yake, iko nje inasubiri. Weka u = x² + 1, du = 2x dx. Sasa herufi ya chini imebadilika, siyo x tena ni u, na ikibadilika yenyewe lazima mipaka nayo ibadilike, kwa sababu 0 na 2 zilikuwa thamani za x. Ukiingiza kwenye u unapata 1 na 5. Integreti nusu ya u³ kutoka 1 hadi 5, unapata (625 − 1)/8, yaani 78. Aliyebadilisha herufi akaiacha mipaka ya zamani anapata 16/8, yaani 2. Sabini na nane na mbili! Na ukiitazama kazi yake, kila mstari unaonekana safi.

Ukiona kubadilisha mipaka kunakuchanganya, iache bila mipaka mpaka umalize, rudisha x mahali pake, ndipo uingize 0 na 2. Zote mbili ni njia halali. Kuchanganya nusu ya hii na nusu ya ile ndiyo haramu.

Bai pati, kuvunja sehemu vipande vipande, sabstitusheni za trigonometri na za haipaboliki: hizi ni za mazoezi, sina siri ya kuwauzia. Jambo la kujizoeza ni kuamua njia kabla ya kuandika. Chukua maswali ishirini ya integresheni kutoka mada tofauti, yachanganye, halafu usiyafanye. Pembeni ya kila moja andika tu njia utakayotumia na kwa nini. Hilo zoezi ni la nusu saa na linafaa kuliko kufanya maswali ishirini ya bai pati mfululizo, ambako jibu la "njia gani" umeshapewa na kichwa cha ukurasa. Mtihani hauna kichwa cha ukurasa.

Ujazo wa umbo lililozungushwa unaangusha watu kwa kitu kidogo. Eneo liko chini ya y = x² kutoka x = 0 hadi x = 2. Likizungushwa kwenye mhimili wa x, ni π mara integresheni ya y² dx, inatoa 32π/5. Mwaka unaofuata swali linakuja karibu lile lile, ila sasa ni eneo lililo kati ya mkunjo, mhimili wa y na mstari y = 4, na linazungushwa kwenye mhimili wa y. Hapo ni π mara integresheni ya x² dy, na kwa kuwa herufi ya chini ni y, x² inageuka kuwa y yenyewe na mipaka inakuwa 0 hadi 4. Jibu 8π. Anayekimbilia 32π/5 ni yule aliyekariri umbo la kanuni bila kusoma mkia wake.

Na eneo lisichanganywe na thamani ya integresheni. sin x kutoka 0 hadi 2π inaintegretika kuwa sifuri, lakini eneo lililo kati ya mkunjo na mhimili ni 4. Chora grafu, hata ya hovyo pembeni, uone kipande gani kiko chini ya mhimili.

Sasa ile C. Mnaiona kama adabu tu ya kumalizia. Ngoja niwaonyeshe inavyolipiza kisasi kwenye milinganyo ya difarenshali. Chai iko nyuzi 90, chumba nyuzi 30, baada ya dakika 10 chai iko nyuzi 60. Itafika nyuzi 45 dakika ya ngapi? Mlinganyo ni dT/dt = −k(T − 30). Peleka T zote kushoto pamoja na dT, t ibaki kulia na dt. Kila herufi ikae na herufi yake ya chini. Integreti: ln(T − 30) = −kt + C. C inazaliwa hapo hapo, kwenye mstari wa integresheni. Ukiondoa ln inakuwa T = 30 + Ae^(−kt), A ndiyo e^C na hapa ni 60, na baada ya dakika 10 tofauti na chumba imetoka 60 hadi 30, nusu. Kufika 45 tofauti ni 15, nusu tena. Basi ni dakika 20, na k hukuhitaji hata kuitafuta.

Mwenzako aliyeisahau C akaja kuibandika mwisho ana T = 30 + e^(−kt) + C. Mwanzoni T ni 90, kwa hiyo C yake ni 59. Anaingiza dakika 10, anapata e^(−10k) = −29. Hakuna k duniani inayofanya hivyo. Ukijikuta umefika mahali e ina thamani ya chini ya sifuri, usihangaike na kalkuleta, panda juu ukaangalie C uliiweka wapi.

Sasa mpango wa kujisomea. Kwa muundo uliozoeleka wa Baraza la Mitihani (NECTA), pepa ya kwanza ya Hesabu za Juu ina maswali kumi, yote ya lazima, kila moja maksi 10, na kwa miaka mingi integresheni na difarenshiesheni zimekuwa zikikaa mwishoni kabisa, swali la 9 na la 10. Fikirini maana yake. Mnayafikia baada ya zaidi ya saa mbili, vidole vimechoka na saa inakimbia, wakati ndiyo maswali yenye hatua nyingi. Maswali hayalazimishi mfuatano. Ushauri wangu ni kuanza na moja kati ya hayo mawili kichwa kikiwa bado kipya, halafu urudi mwanzo. Wapo walimu wasiopenda hivyo, wanaona mwanafunzi atazama kwenye integresheni moja hadi saa iishe. Hofu yao ni ya haki, kwa hiyo jiwekee dakika 18, zikiisha ondoka hata kama umebakiza mstari mmoja. Milinganyo ya difarenshali yenyewe iko pepa ya pili, kwenye lile fungu la kuchagua maswali mawili kati ya manne, yenye maksi 20 kila moja. Mtu aliyeshika integresheni vizuri anajipunja asipoichagua.

Kitu kingine ambacho hamkisomi: Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ndani mna picha za karatasi halisi za watahiniwa, waliojibu vizuri na waliojibu vibaya, na maelezo ya walichokosea. Tafuta za miaka michache iliyopita, soma sehemu za kalkulasi tu. Funika maelezo, tazama jibu bovu, ulitafute kosa mwenyewe. Ukiweza kuona kosa la mtu usiyemjua ndani ya dakika mbili, la kwako utaliona pia.

Wale wa BAM, ile hisabati tumizi ya msingi, msidhani hii barua siyo yenu. Difarenshiesheni na integresheni mnazo, za kina kifupi zaidi, na ngazi yangu ya mita 5 inawahusu. Mkiwa na wiki chache tu, acheni uchawi wa integresheni ngumu, shikeni mteremko, kilele na bonde, eneo chini ya mkunjo.

Na wewe wa jedwali la kanuni: likariri, hakuna anayekukataza, ila kila usiku baada ya prepo chagua kanuni moja na uandike kwa Kiswahili chako cha kawaida inasema nini kinabadilika kwa kufuata nini. Ukishindwa kuiandika, hiyo ndiyo ya kupiga msuli kesho yake. Msikeshe hadi saa tisa usiku mkidhani ndiyo bidii. Aljebra ndiyo inayokufa ya kwanza mtu akiwa na usingizi, na aljebra ndiyo inayobeba kila kitu nilichoandika humu.

Nawaachia moja. Chombo cha umbo la pia kimesimama ncha chini, kimo sentimita 12, nusukipenyo cha mdomo sentimita 6. Maji yanamiminwa ndani kwa sentimita za ujazo 20 kwa sekunde. Kina cha maji kikiwa sentimita 4, kinapanda kwa kasi gani? Jibu ni 5/π sentimita kwa sekunde, nawapa bure. Nitumieni njia, mstari kwa mstari, na mwanzoni kabisa mniambie mlivyoiondoa r kabla ya kudifarenshieti.